Sikukuu, Jirani na Barua ya Ruhusa



Katika mazungumzo yetu ya leo tunaanzia na swali la mama mmoja. Yeye ni deplase, anaishi na watoto wake kwa shemeji yake. Anauliza hivi: «Sisi watu wa kijiji kimoja tumetawanyika hapa mjini. Tunataka kukusanyika siku moja tuwaombee watu wetu waliokufa njiani. Je, ni haki yetu, ao ni lazima tuombe ruhusa? Na kama shefu anakataa, tufanye nini?»

Swali hilo ni fupi lakini ndani yake mna mambo mengi. Mna haki ya kuabudu, mna mamlaka ya leta, mna usingizi wa jirani, na mna pia haya ya mtu anayelala kwa watu, ambaye hapendi kusumbua. Ningeweza kulijibu kwa kusoma vifungu vya sheria, nikamaliza kwa dakika tano. Lakini vifungu vikisomwa peke yake, mtu anavisahau kabla ya kufika nyumbani. Kwa hivi nitawaeleza kwanza historia ya watu wengine waliofukuzwa kwao, wakafika ugenini, wakataka kufanya sikukuu ya mungu wao, na barua yao ya ruhusa ikachukua zaidi ya miaka kumi na mitano. Watu hao ni Wahindu wa Afrika ya Mashariki.

Najua wengine wanacheka: Wahindu wanatuhusu nini sisi watu wa Kivu? Wazee wa mji huu hawatacheka. Wao wanakumbuka kwamba zamani biashara ya kitambaa, chumvi na masufuria katika nchi hii ilikuwa mikononi mwa Wagiriki, Wareno, Wahindi na Wapakistani. Wanakumbuka pia tarehe 30 Novemba 1973, siku Rais Mobutu alipotangaza kwamba maduka, mashamba na viwanda vidogo vya wageni vitapewa wananchi. Tuliita jambo lile zairianisasio. Wengi wa wale wageni walifunga virago, na maduka mengi yaliyochukuliwa yalikuwa matupu kabla mwaka haujaisha. Hiyo ni habari ya siku nyingine. Ninayoitaka leo ilianza mwaka mmoja mbele yake, kwa jirani zetu wa Uganda.

Tarehe 4 Agosti 1972, Jenerali Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye paspoti ya Uingereza watoke Uganda katika siku 90. Babu zao wengine walikuja kama wafanyakazi wa reli, wengine kama wachuuzi, na wajukuu walizaliwa Kampala, Jinja, Mbale. Walijua Kiswahili na Kiganda. Walikuwa na mahekalu yao, shule zao, makaburi na mahali pao pa kuchomea maiti. Waliondoka na sanduku na fedha kidogo sana, na askari wa vizuizi kwenye njia ya uwanja wa ndege waliwapunguzia hata hicho kidogo. Ninyi mliopita kwenye vizuizi mnajua ninasema nini.

Watu karibu 28.000 walifika Uingereza. Walipokelewa katika kambi za zamani za jeshi, kama ile ya Stradishall, baridi ikiwa inaanza. Mbele yao walikwisha kuja wengine wengi kutoka Kenya, ambao tangu 1967 walibanwa na sheria mpya za uhamiaji na za biashara. Mji mmoja, Leicester, uliogopa. Baraza la mji lile lililipa tangazo katika gazeti la Uganda Argus, Septemba 1972, likiwaambia Waasia wa Uganda: msije kwetu, nyumba zimejaa, shule zimejaa. Fikirini, wandugu. Mtu yuko Kampala, hesabu ya siku 90 inapungua, anafungua gazeti anaona mji mgeni unamkataa hata kabla hajapanda ndege. Wengi walienda Leicester tu, kwa sababu ndugu zao walikuwa huko. (Inasemekana wengine hawakuwa wanaujua mji huo mpaka waliposoma tangazo lenyewe. Sina ushahidi wa hilo, lakini linafanana na binadamu.)

Sasa tuje kwenye sikukuu.

Wengi wa Wahindu waliotoka Afrika ya Mashariki ni watu wa asili ya Gujarat, na katika nyumba nyingi za Wagujarati anayeabudiwa zaidi ni Krishna. Siku ya kuzaliwa kwake inaitwa Janmashtami. Inaangukia mwezi wa Agosti ao Septemba, kwa kufuata mwezi wa mbinguni. Watu wanafunga kula, wanaimba, na kilele chake ni saa sita ya usiku, saa wanayoamini Krishna alizaliwa. Angalieni jambo hilo, kwa maana ugomvi wote ulitokea hapo: sikukuu yenyewe ni ya usiku, ina nyimbo, na inakusanya watu wengi mahali pamoja.

Kaskazini ya London, katika wilaya ya Hertfordshire, kuna kijiji kidogo kinachoitwa Letchmore Heath. Ni nyumba chache, kiwanja cha majani, kiziwa cha maji, na njia nyembamba. Karibu na kijiji hicho palikuwa na nyumba kubwa ya zamani iliyokuwa imetumiwa kuwafundishia wauguzi. Mwaka 1973 mwimbaji George Harrison, mmoja wa wale wanne wa Beatles, aliinunua akawapa watu wa Hare Krishna, shirika lililoanzishwa New York mwaka 1966 na mzee mmoja kutoka India, A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada. Nyumba ikaitwa Bhaktivedanta Manor. Mzee mwenyewe aliweka pale sanamu za Krishna na Radha, na kwa imani yao sanamu zikiisha kuwekwa hivyo, pale ni makao yao. Si viti vya kuhamisha kutoka chumba hiki kwenda kile.

Mbele ya sheria, nyumba ile ilikuwa na ruhusa ya kuwa chuo cha dini ambacho wanafunzi wake wanalala mlemle. Haikuwa na ruhusa ya kuwa hekalu la watu wote. Mwanzoni hapakuwa na shida, kwa maana waliokaa pale walikuwa vijana Wazungu wachache wenye kunyoa vichwa. Lakini wale waliofukuzwa Uganda na waliotoka Kenya walikuwa wamekaa karibu, pande za Wembley na Harrow. Wakasikia kwamba kuna nyumba ya Krishna mashambani, yenye ng'ombe na bustani. Wakaanza kuja na watoto na bibi zao, kwanza mamia, kisha maelfu. Siku ya Janmashtami magari yalijaza njia za kijiji kile mpaka mtu hawezi kutoka kwake.

Wenyeji wakalalamika kwa baraza la mji lao, Hertsmere. Mimi nimesoma habari za ugomvi ule, na sitasema kwamba wenyeji wote walikuwa watu wabaya. Walikuwamo, bila shaka, wenye kudharau wageni. Lakini wengi walikuwa wanasema jambo ambalo hata mtu wa Nyawera ao wa Essence angelisema: usiku siwezi kulala, barabara imezibwa, na kama mtoto wangu anaugua, gari la hospitali litapita wapi? Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli, na haki ya Wahindu kuabudu ilikuwa ya kweli vilevile. Kazi ya kiongozi inakuwa ngumu katika siku kama hizo, ambapo kila upande una ukweli wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipatana kwa maandishi: siku za kawaida idadi ya wageni iwe na mwisho, na siku sita kwa mwaka ziwe za sikukuu kubwa. Mapatano hayo hayakudumu, kwa kuwa watu walizidi kuongezeka. Mwaka 1987 baraza likatoa amri: matumizi ya nyumba kwa ibada ya watu wa nje yakome. Hekalu likakata rufaa. Kukawa na uchunguzi wa hadhara mwaka 1988, kila upande ukasema. Mwaka 1990 waziri akakubaliana na baraza, akawapa miaka miwili wajipange. Wakaenda mahakama kuu, wakashindwa. Wakajaribu juu zaidi, hawakupata. Wakaandikia Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg. Tarehe 8 Machi 1994 Tume ikakataa shauri lao.

Hapa naomba tutue kidogo, kwa sababu mimi niliyesoma sheria naona watu wetu wengi wanadanganywa. Wanaambiwa kwamba haki ikiandikwa katika katiba, basi imekwisha, hakuna anayeweza kuigusa. Tume ile haikusema Wahindu hawana haki ya kuabudu. Ilikubali kwamba amri ya baraza inagusa haki yao. Lakini ilisema pia kwamba haki ya dini haiwezi kutumiwa kuruka sheria za upangaji wa mji, kama wakubwa waliotoa uamuzi waliipima haki hiyo vizuri pamoja na haki za wakaaji wengine. Kwa maneno ya nyumbani: mungu wako ni wako na hakuna wa kukuzuia kumwomba, lakini njia ya kijiji ni ya wote.

Wahindu hawakurusha jiwe. Siku chache nyuma ya uamuzi ule, tarehe 16 Machi 1994, makumi ya maelfu yao walitembea katika London mpaka karibu na Bunge, mabibi wamevaa sari, watoto wamebeba maua. Watu hao kwa kawaida hawakupenda siasa. Walikuwa wenye maduka na makarani waliojifunza Uganda kwamba mgeni akipiga kelele anafukuzwa. Nadhani siku ile waliona kwamba mtu anayenyamaza anaweza kufukuzwa vilevile. Magazeti yakaandika, wabunge wakapokea ujumbe, na serikali ikaona kwamba jambo hili halitamalizwa kwa kufuli.

Maandamano yalifungua masikio ya wakubwa, lakini hayakuleta ruhusa. Ruhusa ililetwa na barabara.

Watu wa hekalu walikuwa wamejiuliza: kijiji kinalalamikia nini hasa? Si Krishna. Kinalalamikia magari yanayopita katikati yake. Basi tukitengeneza njia yetu wenyewe, inayotoka barabara kubwa na kupita mashambani mpaka kwetu, gari halitagusa kijiji. Baraza lilikuwa limewaambia watafute mahali pengine, na palitafutwa bila kupatikana. Ombi la barabara nalo lilikataliwa kwanza, likaletwa mbele ya uchunguzi mwingine wa hadhara. Mwezi wa Mei 1996, waziri wa mazingira John Gummer akatia sahihi: barabara ijengwe, na watu waruhusiwe kuabudu na kufanya sikukuu zao. Barabara ile inaitwa Dharam Marg, maana yake njia ya dini. Mpaka leo makumi ya maelfu ya watu wanapita juu yake siku za Janmashtami, na wengi wao ni watoto na wajukuu wa watu wa Kampala, Nairobi na Mombasa.

Na Leicester, mji uliolipa tangazo la kuwakataa? Huko sikukuu ya taa, Diwali, inafanyika katika barabara ya Belgrave, na ni baraza la mji lenyewe linalotundika taa, kufunga njia kwa magari na kupanga mapolisi. Kutoka tangazo mpaka taa haikupita miaka mingi. Sisemi kwamba ni upendo peke yake. Maduka ya wageni yalilipa kodi, na kura zao zilihesabiwa. Viongozi wanaonisikiliza wanaweza kuwaza juu ya jambo hilo wenyewe.

Wandugu, tusifikiri kwamba habari hizi ni za Ulaya tu. Nchi yetu nayo ina historia ndefu ya mkusanyiko na ruhusa, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya machozi.

Mwaka 1921, mwezi wa Aprili, Simon Kimbangu alianza kuombea wagonjwa katika kijiji cha Nkamba, Bas-Congo. Watu wakaacha kazi, wakamiminika. Hakuwa na silaha. Lakini wakubwa wa Kibelgiji walipoona wingi ule hawakuuliza watu wanatafuta nini, waliuliza nani amewaruhusu. Mwezi wa Septemba akashikwa. Mwezi wa Oktoba mahakama ya kijeshi ikamhukumu kufa, mfalme Albert akabadilisha hukumu iwe kifungo cha maisha. Alikufa gerezani Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka thelathini. Wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu mbali na kwao, jamaa nzima nzima. Nao walikuwa deplase, kwa sababu ya sala. Tarehe 24 Desemba 1959, miezi sita tu mbele ya uhuru, serikali ileile ikalitambua kanisa lao. Mnaweza kuuliza: kama lilikuwa la kutambuliwa, miaka thelathini na minane ile ilikuwa ya nini?

Baada ya uhuru hatukufanya vizuri zaidi. Tarehe 31 Desemba 1971 ilitoka sheria namba 71-012 ya kupanga mambo ya dini, na vikundi vidogo vya kuabudu vikajikuta nje ya sheria. Tarehe 16 Februari 1992, Wakristo wa Kinshasa walitoka makanisani na biblia na misalaba kuomba Mkutano wa Taifa ufunguliwe tena. Waliomba ruhusa, wakanyimwa, wakatembea, askari wakapiga risasi. Tarehe 31 Desemba 2017 mambo yakarudia: kamati ya walei wakatoliki ilimwandikia gavana wa Kinshasa, gavana akakataa, watu wakatembea, wengine hawakurudi nyumbani. Mara mbili hizo barua ilikuwapo. Kilichokosekana ni mkubwa wa kuisoma na kuuliza: hawa watapita wapi, na nitawalinda namna gani?

Sasa, sheria inasema nini kwa mama wetu? Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 22, inampa kila mtu haki ya kuonyesha dini yake, peke yake ao pamoja na wengine, mbele ya watu ao kwa faragha, ikiwa anaheshimu sheria, utulivu wa watu, desturi njema na haki za wengine. Kifungu cha 25 kinalinda mikutano ya amani isiyo na silaha. Na kifungu cha 26 kinasema kwamba wanaotaka kuandamana barabarani ao mahali pa wazi wanapaswa kumjulisha kwa maandishi mkubwa wa leta anayehusika. Sikilizeni neno: kumjulisha. Dikri-sheria namba 196 ya 29 Januari 1999 ilikuwa imesema habari ya ruhusa ya mbele. (Ilitiwa sahihi Kinshasa wakati Bukavu ilikuwa mikononi mwa RCD, lakini hilo pia ni la siku nyingine.) Kujulisha ni kusema: tutafanya hivi, tarehe fulani, uje utulinde. Kuomba ruhusa ni kusema: tunaweza? Maofisi mengi yamezoea neno la pili, na wanasheria tunaendelea kubishana nao. Kwa maoni yangu Katiba ndiyo mama wa sheria, na dikri iliyotangulia inapaswa kusomwa kwa kuifuata.

Lakini mimi sishauri deplase aende ofisini na Katiba mkononi kama fimbo. Mji huu umebadilisha wakubwa mara nyingi, 1996, 1998, juma lile la Juni 2004, tena Februari 2025, na kila mara karatasi za ofisi zilibadilika muhuri. Jirani wa nyuma ya nyumba hakubadilika.

Nitawapa mfano niliouona mwenyewe, bila kutaja jina la mtu wala la kartie. Jamaa kadhaa za deplase, za kijiji kimoja cha milimani, zilitaka kukesha usiku mzima katika kiwanja cha mwenyeji wao, ili kuwakumbuka wafu ambao hawakufanyiwa kilio. Waliandika barua ya mistari mitatu. Walijibiwa kwa mdomo: hapana. Mzee wao alikuja kwangu akiwa na uchungu mwingi. Aliniambia, «Mwanangu, hata kulia sasa tunaomba?»

Tulienda pamoja kwa kiongozi yule. Alitupa viti, akamsalimu mzee kwa heshima, akasema: «Mzee wangu, mimi sikatai wafu wenu. Lakini hapa chini kuna chumba cha maombi, kila usiku ngoma na mikrofoni mpaka asubuhi. Watu wa avenyu wameniletea malalamiko mara nne. Nikikubali ninyi, nitawaambia nini wao? Na hali ya usalama ni hii, watu mia mbili usiku, nani atajua nani ameingia?»

Mzee akanyamaza. Kisha akasema, «Baba shefu, sisi hatuna mikrofoni.»

Hiyo ndiyo ilikuwa barabara yetu. Tulirudi tukaandika barua nyingine, ya ukurasa mzima. Tuliandika tarehe na saa, jina la mwenye kiwanja na sahihi yake, idadi ya watu tunaowangojea, kwamba hakuna mikrofoni, majina ya vijana watakaosimama mlangoni wakijua nani ni nani, choo gani kitatumiwa, na kwamba njia ya avenyu haitafungwa. Kabla ya kuipeleka, mabibi wa upande wetu walizunguka nyumba za jirani kuwaeleza. Bibi mmoja, aliyekuwa kati ya wale wenye kulalamika, aliuliza kama wafu hao walikuwa na watoto wadogo ndani yao. Akaambiwa ndiyo. Akaweka alama yake chini ya barua, na siku yenyewe alileta sufuria mbili.

Walikubaliwa. Lakini walikubaliwa mchana, kutoka saa mbili mpaka saa tisa. Usiku haukukubaliwa. Sitawaficha kwamba hilo liliwaumiza. Kwa desturi yao wafu wanakeshewa, hawaombewi juani kama watu wanaongoja lori. Mzee alifanya sala yake, akawataja watu wake mmoja mmoja kwa majina, akashukuru watu wa avenyu. Kisha alipokuwa ananiaga alisema usiku wake bado anaudai. Nami naona ana haki ya kuudai. Wahindu wa Letchmore Heath nao walipewa kwanza siku sita tu.

Mama uliyetuuliza swali, jibu langu ni hili. Kukusanyika kuombea wafu wenu ni haki yenu, na kumjulisha mkubwa kwa maandishi ni wajibu wenu, hasa kama ni mahali pa wazi. Anzeni na jirani mbele ya ofisi. Waulizeni wanaogopa nini, na barua yenu ijibu woga huo kwa jina lake. Fanyeni nakala mbili: moja ibaki ofisini, nyingine ipigwe muhuri wa kupokea, na tarehe iandikwe juu yake mbele ya macho yenu, kwa maana barua isiyo na muhuri ni kama haikufika. Mkikataliwa, ombeni kwa heshima kwamba sababu iandikwe. Sababu iliyoandikwa inaweza kujibiwa, na inaweza kupelekwa kwa mkubwa wa juu yake, kutoka kartie kwenda kwa burgumestre, kutoka kwa burgumestre kwenda kwa meya.

Na ninyi viongozi, mkiletewa barua ya namna hiyo na jamaa iliyopoteza watu, mpeni mleta barua kiti kwanza. Kisha mwulizeni watu wake watapita njia gani.

Juma lijalo, saa ileile, tutazungumza juu ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliozaliwa njiani.